Jenereta ya Mawimbi ya Bei Nafuu: Ijaribu Kabla Hujaiamini

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa elektroniki, Tabora

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Na kwa wenye mji wao, mwadila.

Nimeombwa nizungumzie jenereta ya mawimbi. Kwa wazazi mlioongozana na watoto wenu, hii si ile ya dizeli inayowashwa umeme ukikatika. Ni kisanduku kinachotoa umeme mdogo unaotetema kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), unayoyachagua wewe. Unauingiza kwenye amplifaya au redio iliyokufa, halafu unaufuata hatua kwa hatua mpaka pale unapopotea. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Fundi asiyekuwa nacho hugusa waya wa kuingilia kwa kidole na kusikiliza mngurumo. Kidole kitakwambia njia ipo. Hakiwezi kukwambia kama sauti nyembamba zinapita sawa na zile nzito.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya yote. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa amplifaya ya nyumba moja ya ibada. Malalamiko yalikuwa kwamba sauti inatoka lakini maneno hayasikiki, ni kama mtu anaongea na shuka mdomoni. Nilikuwa ndiyo kwanza nimenunua jenereta yangu. Nikaiweka hezi 100, nikapima kwa mita mlangoni mwa spika: volti 2. Nikapandisha hadi kilohezi 1, ikashuka. Kilohezi 10, karibu hakuna kitu. Nikasema nimeshaupata ugonjwa. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha transista za mwisho, nikabadilisha tena. Siku tatu. Vipimo havikutikisika.

Siku ya nne nilifanya jambo ambalo ningelifanya saa ya kwanza: nikachomeka mita moja kwa moja kwenye jenereta, pasipo amplifaya katikati. Namba zikaanguka vilevile. Nikakitafuta kile kikaratasi cha mita, nikakuta kimeandikwa wazi kwamba upande wa umeme wa AC, yaani unaotetema, inaaminika mpaka hezi 400 tu. Zile mita ndogo za bei rahisi tunazotembea nazo mfukoni nyingi ziko hivyo. Amplifaya ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimepasuka ni kiwambo cha spika ya honi. Watu walikaa siku tatu bila kipaza sauti, nami nikarudisha pesa za transista ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo ninachokuja kuwaambia leo ni hiki: jenereta ya bei nafuu inafaa sana kwenye meza ya nyumbani, mradi wewe mwenyewe uwe umepima mipaka yake, na uwe unajua mipaka ya kile unachopimia.

Hapa mezani nimeweka aina tatu, ndizo zinazotufikia huku. Hii ya kwanza unaiunganisha mwenyewe kwa kuchomelea risasi, na inatumia aisii, yaani chipu, ya XR2206. Karatasi ya watengenezaji wa aisii hiyo inataka volti 10 hadi 26. Wauzaji wengi wanasema 9 inatosha. Ipe 12. Masafa yake yanaamuliwa na kapasita na rizista, kwa hiyo yanahama joto likipanda, na Oktoba ya Tabora mnaijua. Hata hivyo, ukivizungusha vile virizista vya kurekebishia kwa subira, wimbi lake la sini, lile laini la kupanda na kushuka taratibu, linapotoka kwa nusu asilimia hivi. Kwa kusaka hitilafu kwenye amplifaya, inatosha kabisa.

Ya pili ni hivi vibao vidogo, kimoja chenye chipu ya AD9833, kingine AD9850. Hivi havitegemei kapasita. Ndani kuna jedwali la wimbi lililoandikwa kwa namba, na saa ya kristali inapiga. Kila pigo, chipu inatoa nukta moja ya wimbi. Ukilielewa hilo, hakuna boksi litakalokudanganya tena: chukua kasi ya saa, gawanya kwa masafa unayotaka, utapata idadi ya nukta kwa kila wimbi. AD9833 kwa kawaida hupewa saa ya megahezi 25. Kwenye kilohezi 1 unapata nukta 25,000, wimbi laini mno. Kwenye megahezi 10.7 unapata nukta mbili na ushee. Hapo, pasipo kichujio, pamoja na megahezi 10.7 uliyoomba itatoka pia 14.3, ambayo ni 25 ukitoa 10.7, na nguvu zake hazipishani sana. AD9850 yenye saa ya megahezi 125 inakupa nukta zaidi ya 11 mahali palepale, na kichujio cha kawaida kinaimaliza kazi.

Ya tatu ni sanduku kamili, lenye kioo, vitufe na soketi za BNC, zile za duara zinazofungwa kwa kuzungusha, limeandikwa megahezi 60 kwa herufi kubwa. Soma herufi ndogo. Mara nyingi namba hiyo ni ya wimbi la sini peke yake. La mraba, lile linaloruka juu na chini ghafla, linaishia chini zaidi, na volti kubwa zilizotajwa zinapatikana kwenye masafa ya chini tu. Ule wingi wa maumbo ya mawimbi, wengine wanahesabu mpaka makumi, mimi siuhesabu. Katika kazi zetu tunatumia sini na mraba.

Tujiulize basi, fundi wa hapa anahitaji megahezi ngapi? Amplifaya ni hezi 20 mpaka kilohezi 20, kwisha. Redio ya AM, ile hatua yake ya katikati iko kilohezi 455. Redio ya FM, megahezi 10.7. Anayetengeneza redio na amplifaya hana kazi yoyote juu ya hapo isipokuwa mara mojamoja. Jenereta yenye megahezi 15 za kweli ni bora kuliko yenye 60 za kwenye boksi, na pesa inayobaki nunua rizista na waya nzuri za BNC.

Sasa tupime. Kipimo cha kwanza hakihitaji oskiloskopu, kile kifaa kinachochora wimbi kwenye kioo. Weka sini, hezi 200, maana hapo hata mita yetu ndogo inasema kweli. Weka volti 10 za kilele kwa kilele, yaani toka juu kabisa hadi chini kabisa ya wimbi. Mita haisomi vilele, husoma thamani ya RMS, kwa hiyo inapaswa kusoma 3.54. Kisha chukua rizista mbili za omu 100, zifunge sambamba, upate omu 50, ziweke kwenye tundu la kutolea. Kama ndani ya jenereta kuna omu 50 kama zilivyotangazwa, mita itashuka hadi nusu, 1.77. Msishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Omu 50 za ndani na 50 za nje zinagawana volti sawasawa.

Kinachowachanganya vijana ni kioo. Kuna jenereta zinazoandika volti za tundu likiwa tupu, na kuna zinazodhani umeshaweka omu 50. Mtu anaweka volti 1, anapata 2, anaunguza kitu, halafu anailaumu chipu. Kipimo hiki cha dakika mbili kinakuonyesha yako ni ya aina gani. Na ile ya XR2206? Omu zake za ndani ni 600 hivi. Ukiifunga kwenye omu 50 zinabaki sehemu moja ya 13 ya volti. Haijaharibika. Haikuumbwa kubeba mzigo huo.

Kipimo cha pili ni kuona kama volti zinabaki palepale masafa yanapopanda. Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Mita peke yake haifai, lakini mita na dayodi ya jemaniamu na kapasita ya nanofaradi 10 vinafaa. Dayodi inageuza mtetemo kuwa umeme wa DC, usiotetema, na DC mita inaipima vizuri. Usitafute volti kamili, linganisha tu: kilohezi 100, megahezi 1, megahezi 5, megahezi 10, ukiwa umeacha zile omu 50 mahali pake. Ikianguka, andika imeanguka kwa kiasi gani.

Jambo hili la volti kutulia ni la zamani. William Hewlett na David Packard walipoanza kampuni yao mwaka 1939, kule Palo Alto, Marekani, bidhaa yao ya kwanza ilikuwa jenereta ya mawimbi ya sauti, 200A. Siri yake ilikuwa taa ndogo ya kawaida ndani ya saketi. Wimbi likizidi nguvu, waya wa taa unapata moto, ukinzani wake unapanda, wimbi linarudi chini. Likipungua, taa inapoa, wimbi linapanda. Waliiuza dola 54.40 wakati za wengine zilizidi dola 200. Disney wakanunua 8 za toleo lililofuata, 200B, kwa kazi ya sauti ya filamu. Nawatajia hili kwa sababu mbili. Unafuu haukuanza jana. Na saketi ile ile, kwa taa ndogo na op-ampu moja, yaani chipu ya kukuza ishara, kijana wa kidato cha nne anaweza kuijenga nyumbani.

Kwa watengenezaji wa redio: hatua ya kilohezi 455 inataka ishara ndogo sana, na jenereta nyingi za bei nafuu zikishushwa kwa kitufe hadi milivolti chache, wimbi linakuwa na ngazi ngazi na kelele. Msishushe kwa kitufe. Iacheni volti 1, kisha mgawanye kwa rizista: kilo-omu 10 ikifuatwa na omu 10 zinapunguza mara 1,000. Rizista mbili tu.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nani amewahi kugusa sanduku la chuma la kifaa chenye plagi ya pini mbili akahisi vijisindano? Naona mikono mingi. Ndani ya adapta nyingi kuna kapasita inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wako. Ipo kwa ajili ya kupunguza kelele, lakini inavujisha umeme kidogo. Pasipo ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, sanduku linakaa volti mia hivi juu ya ardhi. Mkondo ni mdogo, hauui mtu mwenye afya, lakini unaua chipu za CMOS, aina inayodhurika upesi. Niliona kibao cha mwanafunzi kikifa pale tu alipogusanisha waya wa ardhi.

Pima hivi: weka rizista ya kilo-omu 10 kati ya chuma cha soketi ya BNC na ethi ya kweli, kisha pima AC juu ya rizista. Volti 1 maana yake mkondo wa miliampia 0.1. Kikomo kinachokubalika kwa vifaa vya pini mbili ni miliampia 0.25, yaani volti 2.5. Ukikuta makumi ya volti, chomoa, hiyo siyo kapasita, hiyo ni hitilafu. Dawa rahisi: kama jenereta yako inatumia volti 5, iwashe kwa pawabanki. Hakuna ukuta, hakuna kuvuja, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Matokeo yote yaandikeni kwenye karatasi, mgande juu ya kifuniko kwa gundi ya karatasi. Yangu imeandikwa: omu 51, volti ni za tundu tupu, megahezi 10 inashuka robo.

Ndiyo, kijana. Anauliza, kama ana pesa ya kitu kimoja, anunue jenereta au oskiloskopu? Oskiloskopu, mwanangu, bila kusita. Simu uliyoshika tayari ni jenereta ya hezi 20 mpaka kilohezi 20. Weka programu ya kutoa mlio, toa ishara kwenye tundu la hedifoni kupitia kapasita, fanyia kazi amplifaya. Jenereta utainunua siku utakapoletewa redio.

Limebaki la masafa, nililiacha mwisho makusudi. Jenereta inasema kilohezi 999. Utajuaje ni 999 kweli? Mtaulizia stesheni za redio. Huku Afrika stesheni za AM za mawimbi ya kati zimepangwa kila baada ya kilohezi 9, na kanuni za kimataifa haziziruhusu kutoka kwenye nafasi zao zaidi ya hezi 10. Unatafuta stesheni, unaweka jenereta kwenye masafa hayohayo, unatandaza waya wa nusu mita kando ya redio. Ndani ya chumba, msiunganishe kwenye antena, msije mkawa watangazaji bila leseni. Utasikia mluzi. Sogeza masafa taratibu, mluzi unazidi kuwa mzito, unageuka mngurumo, halafu sauti ya mtangazaji inapanda na kushuka kama anayesema mbele ya feni. Hesabu kupanda huko kwa sekunde 10, gawanya kwa 10: umepata tofauti kwa hezi, kwa masikio tu.

Jua limeshazama, stesheni za mbali zimeanza kuingia. Mwalimu, naomba tuzime hizo taa, zinapiga kelele kwenye redio. Wewe dada wa mbele, njoo ushike kitufe. Anza na 999, tusikilize.