Nani Aliosha Nyanya?

REHEMA: Mangi, sogea kwenye maiki, unasikika kama uko Machame.

ELI: Nimesogea. Shikamoo, Mama Nasra.

REHEMA: Marahaba. Leo shikamoo imekuja mapema, una jambo wewe.

ELI: Sina jambo.

REHEMA: Analo. Wasikilizaji, leo tuliahidi kuzungumza na wale wanaoanza uzamili wa sayansi ya ubongo: namna ya kusoma makala kwa ajili ya kikao, namna ya kumpata msimamizi, na namna ya kuishi na posho inayochelewa. Mambo matatu, nimeyaandika kwenye karatasi hapa. Ila kwanza tuongee Alhamisi.

ELI: Alhamisi ya kachumbari.

REHEMA: Asubuhi kikao cha makala, zamu yangu kuwasilisha. Nilichagua kifafa na tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu, utafiti wa kule Haydom, Mbulu. Nikawaonyesha wanafunzi wapya picha ya CT ya ubongo: kifuko cheusi, katikati kidoto cheupe. Kidoto kile ni kichwa cha tegu.

ELI: Ukumbi ulinyamaza. Yule kijana wa mbele aliweka chini sambusa yake.

REHEMA: Nikawaambia Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo ambako tegu huyu amejikita, nguruwe wanazurura na vyoo ni vya shida, karibu asilimia 30 ya kifafa inatokana naye. Yaani kifafa ambacho kingeweza kuzuilika kabisa. Maswali yakaja, nikajibu, saa nzima nimesimama. Jioni sasa, mchapalo wa kuwakaribisha wageni, bustanini Shanty Town, hapa Moshi. Kamati ya starehe imeagiza nini?

ELI: Mdudu.

REHEMA: Mdudu! Nyama ya nguruwe yule yule, sinia kwa sinia. Na ndizi za kukaanga, na kachumbari beseni zima.

ELI: Oda ililipiwa wiki moja kabla. Nani angejua utawasilisha nini?

REHEMA: Ratiba ipo ukutani, mangi.

ELI: Wanafunzi wapya hawakugusa. Mimi nilikula. Nyama ilikaangwa ikakauka, hakuna tegu anayesalimika humo.

REHEMA: Mimi nimekaa upande wa pili na kuku wangu na kachumbari, nimetulia tuli. Najisemea hayanihusu haya, mbuzi katoliki sijamgusa tangu nizaliwe.

ELI: Ndipo nikamuuliza: dada, asubuhi ulitufundisha nini?

REHEMA: Shetani huyu.

ELI: Waeleze basi.

REHEMA: Haya. Ukila nyama ya nguruwe yenye vifuko, haijaiva, unapata tegu wa tumboni. Anakaa utumboni, anarefuka mita kadhaa, na wewe unaweza usijue. Wa kwenye ubongo ni habari nyingine. Huyo anatokana na mayai, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu. Mtu huyo akitoka chooni hajanawa, akashika kisu, akakata nyanya, umekwisha. Unameza yai, linaanguliwa utumboni, kidudu kinapenya kinaingia kwenye damu, kinakwenda kujijengea kifuko: kwenye msuli, kwenye jicho, kwenye ubongo.

ELI: Kwa hiyo pale mezani aliyekuwa hatarini...

REHEMA: Ni mla kachumbari. Wewe unakula mdudu, mimi ndiye nianguke kifafa!

ELI: Na si kesho. Kifuko kinaweza kukaa kimya miaka. Mara nyingi degedege linakuja kifuko kinapoanza kufa, kinga ya mwili inakishambulia, ubongo unavimba pale pembeni yake. Ndiyo maana daktari hakupi tu albendazole, dawa ya minyoo, ukaondoka. Anataka picha kwanza, na dawa ya kutuliza uvimbe.

REHEMA: Hayo aliyasema kwa sauti kubwa, mezani, watu wanatafuna.

ELI: Mwalimu mmoja, simtaji, akasimama na sahani yake akaenda jikoni. Akamuuliza mama mpishi: haya mmeoshea maji gani?

REHEMA: Yule mama!

ELI: Akashika kiuno. "Daktari, hizi nyanya nimeziosha kuliko ninavyomwogesha mjukuu wangu." Akamwonyesha. Ndoo yenye bomba, kipande cha sabuni juu ya mfuniko, vitunguu vimefikichwa na chumvi vikasuuzwa mpaka maji yametoka meupe. Mbao mbili, ya nyama mbali, ya mboga mbali.

REHEMA: Jiko lake safi kuliko maabara yetu.

ELI: Mwalimu akarudi anasema, swali halijajibiwa. Nani aliosha nyanya, na yeye mwenyewe amepima choo lini? Basi mchapalo ukageuka. Tukaanza kuichunguza kachumbari. Mmoja anasema ndimu itaua mayai...

REHEMA: Usitegemee ndimu jamani. Mayai yale magumu.

ELI: Mwingine anataka tuipeleke kwenye darubini. Wengine wanamtetea mama. Nikaulizwa mimi: ungekuwa wewe unafuatilia kachumbari hii, ungeanzia wapi? Nikasema kwa nguruwe sifiki. Naanza na wanaopika, nawatibu wenye tegu, maana huyo mmoja anaweza kuwaambukiza mtaa mzima, pamoja na nguruwe wa jirani. Nguruwe naye anapewa chanjo na dawa, afungiwe bandani. Lakini mtu kwanza.

REHEMA: Sema kilichofuata.

ELI: Aaa.

REHEMA: Sema, mangi. Ile shikamoo ya leo ndiyo hiyo.

ELI: Yule mwalimu akaniambia Jumatatu nije ofisini. Kuna nafasi ya kwenda vijijini na timu ya kifafa.

REHEMA: Wasikilizaji mmesikia. Makala niliisoma mimi. Saa nzima nilisimama mimi. Nafasi imegawiwa kwenye beseni la kachumbari, usiku, mimi nikiwa kwenye Hiace ya Boma Ng'ombe nakimbilia mtoto.

ELI: Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

REHEMA: Ndiyo ubaya wake! Ingepangwa ningelalamika mahali. Sasa nikalalamike wapi, kwa mama mpishi?

ELI: Mpare huyo, ameshafungua kesi. Atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku.

REHEMA: Utani nimeupokea, hoja hujaijibu.

ELI: Nakujibu. Kikao cha asubuhi watu wanauliza ili waonekane wamesoma. Anayejibu naye anajihami. Mezani, mtu ana mfupa mkononi, ndipo unaona anavyofikiri. Mimi kama ningekuwa naenda kukaa kijijini wiki kadhaa na mtu, ningetaka kumjua hivyo.

REHEMA: Na mwenye mtoto mchanga? Na asiyekaa baa? Na anayeishi mbali gari la mwisho likiondoka? Hao hawafikiri? Mchapalo ni wa kukaribishana. Ukianza kugawa kazi, huo ni usaili, na usaili unatangazwa.

ELI: Ukitangaza utapata barua nzuri, mtu humjui.

REHEMA: Alinijua! Alikuwa kiti cha pili kutoka mbele!

ELI: Alikujua unajibu maswali.

REHEMA: Sawa. Fanyeni mchapalo saa saba mchana, tule pamoja, kila mtu yupo.

ELI: Saa saba watu wana wodi, wana sampuli, kila mtu anaangalia saa. Hakuna stori inayonoga hapo. Urafiki hauna ratiba, dada.

REHEMA: Urafiki hauna ratiba, posho ya utafiti inayo. Unaona tunavyozungumzia vitu viwili?

ELI: Mimi nazungumzia kimoja.

REHEMA: Basi hatuelewani.

ELI: Hatuelewani. Ungekuwa wewe umebaki, ungeikataa?

REHEMA: Ningeipokea, na bado ningesema haikugawiwa vizuri.

ELI: Rahisi kusema.

REHEMA: Na wewe ni rahisi kutetea. Umeshapakia begi.

ELI: ...

REHEMA: Hata hajibu.

ELI: Nilitaka kuwaambia uniongoze kwenye dodoso. Wewe ndiye unaijua ile makala.

REHEMA: Yaani nifanye kazi, jina liwe lako?

ELI: Sijasema hivyo, majina yote mawili...

REHEMA: Hilo tutalimaliza nje ya maiki. Kijana wa studio anagonga kioo. Kumbe kuna kwaya inasubiri kurekodi.

ELI: Na mambo matatu ya wanafunzi wapya?

REHEMA: Soma la kwanza, upesi.

ELI: "Usianze na muhtasari wa makala. Anza na majedwali na picha, ujiulize wewe ungesema nini, ndipo usome waandishi wamesema nini."

REHEMA: Hiyo ni kwa wanaoamini kikao cha asubuhi kina faida.

ELI: Mwandiko wako huu!

REHEMA: Niliandika Jumatano. Haya, mengine wiki ijayo.

ELI: Wiki iliyopita pia ulisema hivyo. La posho nalo?

REHEMA: La posho halina jibu, tungewapotezea muda. Walimu wa kwaya, karibuni, tunatoka. Eli, chukua waya wako.

ELI: Studio leo zamu ya nani kulipa?

REHEMA: Ya aliyepata nafasi ya utafiti.