Ada ya kozi ya picha: tupige hesabu kwanza

Ndugu zangu, wa nyuma sogeeni mbele, mvua ikianza kugonga bati hizi hamtanisikia. Swali mlilonipa ni la kozi ya biashara ya picha, ada shilingi 400,000. Ulipe au usilipe? Tupige hesabu kwanza.

Tuseme umepata send-off Uyole, hapa hapa Mbeya, kamati imekubali 300,000, unarudi nyumbani kifua mbele. Msaidizi wa kushika taa, 50,000. Bajaji kwenda na kurudi, 20,000. Albamu, 100,000. Halafu kuna gharama isiyo na risiti, kamera yenyewe. Kamera nyingi za kuanzia, shata yake, yaani kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga picha, hukadiriwa kudumu mibofyo 100,000 hivi. Kama uliinunua 1,500,000, kila ukibofya zimeondoka shilingi 15. Picha 1,000 za usiku ule zimekula 15,000. Umebaki na 115,000 kwa kazi ya siku nne, moja ya ukumbini na tatu za kuhariri. Hapo bado umeme, bando na kodi ya fremu Mwanjelwa.

Kwa hiyo ada ile ni faida ya send-off tatu na nusu. Mwulize mwenye kozi: nikishamaliza kwako, bei yangu itapandaje, au wateja wa kuirudisha hela hii nitawatoa wapi? Akianza habari za ISO, ile namba ya kuipa kamera wepesi wa kushika mwanga, mshukuru uondoke. Hizo zimejaa YouTube bure, na fundi yeyote mwenye studio atakuonyesha ukimbebea taa msimu mmoja. Tena huyo atakufundisha na ya huku kwetu: ukitoka kwenye baridi ya Julai ukaingia ukumbi uliojaa watu, lenzi hushika ukungu wa mvuke. Iache kamera ndani ya begi kwanza, ipate joto taratibu.

Usajili nao usikutishe. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, hutolewa bure, na jina la biashara unaliombea BRELA, wakala wa usajili wa biashara, mwenyewe kwa mtandao.

Mimi ningemlipa mtu anayefungua mafaili yake mbele ya wanafunzi. Mkataba wake unasemaje sherehe ikiahirishwa? Advansi anaidai lini? Mjomba wa bibi harusi akisema "tupunguzie, sisi ni ndugu", anamjibu nini? Hayo ndiyo yanayowafilisi vijana wenye picha nzuri kabisa. Na awe bado anapiga picha. Mwalimu ambaye kila Jumamosi yuko darasani, msimu wa harusi umepamba moto, mimi namtilia shaka.

Waliosoma kwake usiwatafute kwa namba atakazokupa yeye. Atakupa za wanaomsifu. Nenda wanakosafisha picha, muulize kijana wa mashine: kati ya wale wa kozi ya fulani, nani bado analeta kazi? Yeye anawaona kila wiki.

Ukiridhika, soma wakati wa Kwaresima, ndoa nyingi za kanisani zikiwa zimesimama. Haya, dada mwenye kitenge cha bluu, ulinyoosha mkono.