Tenda Wema, Kisha Uende Zako

Asanteni. Kaeni, kaeni. Naona nyuso kadhaa zilizokwisha kunisikia nikilisema jambo hili mara tatu au nne, na naona dada mmoja pale nyuma ameshatoa uzi wake anafuma. Endelea tu, dada, wewe ndiye msikilizaji ninayemtaka.

Sitaeleza kufuma ni nini. Kama hujui kushika sindano wala kroshia, aliyekaa jirani yako anajua. Hata jambo lenyewe halina maelezo marefu: unafuma kitu kidogo, moyo, ua, samaki, kinyota cha kuenea kiganjani, unakiacha juu ya benchi au kwenye uzio, mtu usiyemjua anapita, anakiona, anakichukua. Basi. Mtoto wa miaka sita analielewa. Wanaolivuruga ni watu wazima, na ndio niliokuja kugombana nao.

Ugomvi wangu ni juu ya kikaratasi. Kile kikaratasi kinachofungwa kwenye zawadi. Watu watafuma kwa saa mbili, watahesabu vitanzi, watafumua, wataanza upya, halafu kikaratasi wanakiandika kwa sekunde kumi, au hawakiandiki kabisa.

Niwape kisa cha moyo wangu wa kwanza. Mnaokijua mnivumilie, maana kila nikikisimulia nagundua kuna jambo nililisahau.

Ulikuwa moyo mwekundu wa uzi wa pamba, umejazwa vizuri, umetuna. Nikaupeleka bustani ya umma asubuhi, nikauweka katikati ya benchi, kisha nikaenda kukaa benchi jingine, kama hatua thelathini hivi, nimefunua gazeti mbele ya uso kama mpelelezi. Hapo nilikuwa nimekwisha kufanya makosa mawili. La kwanza, sikuandika kitu. Niliona moyo unajieleza wenyewe. La pili ni lile gazeti. Nitalifikia.

Akaja mzee na mkongojo. Akasimama. Akainama kwa taabu, akauokota, akaugeuza huku na huku. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mimi nyuma ya gazeti moyo wangu mwenyewe unadunda. Mzee akaurudisha, ila akausogeza ukingoni mwa benchi, mahali unapoonekana zaidi, akaenda zake.

Akaja mama na mtoto. Mtoto akaudaka mara moja, maana watoto hawana mashaka. Mama akamwambia, "Weka hapo. Mwenyewe atarudi kuutafuta." Mtoto akalia. Kwa hiyo hesabu yangu kufikia hapo: zawadi moja, mtoto mmoja analia.

Akaja kijana anakimbia mazoezi. Akapita, akarudi nyuma, akauchukua. Nikasema, haya, huyu ndiye. Akaupeleka mpaka kwenye uzio wa njia kuu, akauning'iniza usawa wa macho ya mtu mzima ili aliyeupoteza auone, kisha akaendelea kukimbia.

Mwisho wakaja kina mama wawili. Hao walifanya kikao. Mmoja alisema umedondoka kwenye kofia ya mtoto mchanga, wa pili akasema hapana, huo ni wa funguo. Walipokubaliana, wakaupeleka kwa mlinzi wa lango, na mlinzi akautia kwenye droo ya vitu vilivyookotwa. Humo mna miwani, mna miavuli, mna kiatu kimoja cha kushoto, na sasa mna moyo wangu.

Nikaenda kwa mlinzi. Nikamwambia, kaka, ule moyo ni wangu. Akaniuliza niliupoteza saa ngapi. Nikamwambia sikuupoteza, niliuacha. "Ulimwachia nani?" Nikamwambia yeyote. Akanitazama kwa muda, akasema, "Basi kama ni wa yeyote, si wako," akafunga droo.

Mnacheka, lakini hesabuni. Watu wazima sita wamekutana na moyo ule, wa saba mtoto. Hakuna mwizi hata mmoja. Hakuna aliyeutupa. Kila mmoja alifanya jambo jema na la uangalifu, na zawadi haikumfikia mtu. Niliyoyaogopa kabla sijatoka nyumbani, kwamba utaibwa, utakanyagwa, utachekwa, hakuna lililotokea. Uaminifu wa watu ndio uliouzuia. Mtu mwaminifu akiona kitu kizuri mahali pa watu wote, kwanza anafikiri kuna mtu anakililia.

Ndiyo maana neno la kwanza kwenye kikaratasi ni *sijapotea*. Si "upendo", si "habari rafiki". Wenzetu wa Marekani, Kanada na Uingereza wanaofunga skafu kwenye miti na nguzo za taa wakati wa baridi walilijua hili zamani, na skafu zao husema hivyohivyo: sikupotea, kama una baridi nichukue. Mimi naandika: "Sijapotea. Nimeachwa hapa makusudi. Ukinipenda, mimi ni wako." Kwa mwandiko unaosomeka, kwa kalamu ambayo umande hauifuti. Wino unaoyeyuka kwa maji ukilowa, unabaki na karatasi yenye madoa ya buluu, umerudi kwa mlinzi.

Atasimama mtu aniambie, na huwa anasimama, kwamba kikaratasi kinaondoa uzuri wa kushtukiza. Kinaondoa vipi? Watafiti wawili, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha mwaka 2022 majaribio juu ya wema mdogomdogo wa namna hii. Jaribio moja walilifanya Chicago, kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu, watu wakiwapa wasiowajua kakao ya moto. Watoaji wakaulizwa: unadhani mwenzako atafurahi kiasi gani? Wapokeaji nao wakaulizwa wamefurahi kiasi gani. Watoaji walikisia chini. Jaribio jingine lilikuwa la keki ndogo. Aliyeambiwa keki hii kuna mtu ameamua kukupa alifurahi kuliko aliyepewa keki ileile kama sehemu tu ya utafiti. Keki ni ileile! Anayetoa anatazama kitu, anayepokea anaona pia kwamba kuna mtu. Wewe unahangaika na kitanzi kilichopungua upande wa kushoto, ambacho hakuna atakayekiona. Yeye anasoma "makusudi". Neno hilo ndilo zawadi, uzi ni wa kulibebea.

Sasa lile gazeti.

Methali mnayo wote, mmefundishwa mkiwa wadogo: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ina vitenzi viwili vya kuamrisha. Kutenda tunatenda. Kinachotushinda ni kuondoka. Nilikaa bustanini saa mbili nikingoja nini? Nilingoja uso wa mtu. Nilitaka kulipwa kwa tabasamu, na nilitaka kulipwa siku ileile.

Siku hizi gazeti halihitajiki, maana limehamia kwenye kikaratasi: "Ukinipata, piga picha, tuma kwenye ukurasa wetu." Naona wengine mnainamisha vichwa. Ninyi ndio ninaosema nanyi. Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi kati ya watu haiji mikono mitupu. Inakuja na wajibu wa kutoa, wa kupokea, na wa kurudisha. Tunamwelewa sana, kila mtu hapa ana deni la sherehe ya jirani. Lakini zawadi iliyoachwa benchini haina wa kurudishiwa. Jina halipo, uso haupo. Ni moja ya nafasi chache ambazo mtu anapewa kitu na analala usiku hadaiwi. Halafu wewe unachukua nafasi hiyo na kuandika anwani ya kurudishia deni!

"Lakini nataka tu kujua kama kimefika." Najua unataka. Mimi pia nilitaka. Fikiria anayekiokota. Labda ametoka hospitali kuona mgonjwa wake. Labda hana simu, au ana simu na hana hamu ya kuonekana. Anasoma kwamba sharti la furaha yake ni kuripoti. Atafanya nini? Atakirudisha benchini kwa adabu, kama yule mzee.

Naweka kando jambo moja, msije mkasema sikutaja. Kuna mradi ulioanzia Marekani, Peyton Heart Project, unaoacha mioyo ya uzi yenye maneno ya kutia moyo, kwa ajili ya wanaoteswa na wenzao na wanaofikiria kujiua. Anwani iliyoandikwa pale siipingi hata kidogo. Ipo kwa faida ya anayeokota, anaweza kuifuata akasaidiwa. Jiulize tu anwani yako ni kwa faida ya nani. Kama jibu linakuchukua muda, ikate kwa mkasi.

Na kabla hamjaniuliza, hapana, hili silo lile la kuvisha miti sweta. Lile lina historia yake, wengi hulianzia kwa Magda Sayeg aliyevisha kitasa cha mlango wa duka lake mjini Houston mwaka 2005, na kuna kazi nzuri humo. Ila kazi ile hushonewa palepale ibaki, itazamwe. Hizi zetu zinafaulu siku zinapotoweka. Mtu akiniambia "nimepita pale, bado kipo," hiyo si habari njema.

Nimeonyeshwa kidole. Dakika ngapi? Tano? Nilikuwa na mambo manne. Nitayakimbiza.

Uzi. Tumieni pamba au sufu. Akriliki ni rahisi na rangi zake zinavutia, najua, lakini ni plastiki. Chuo Kikuu cha Plymouth kilipima mwaka 2016, mzigo mmoja wa kilo 6 za nguo za akriliki ukifuliwa ulitoa nyuzinyuzi zaidi ya 700,000. Kitu kisichookotwa kitaanguka mtaroni na kukaa humo miaka. Pamba itaoza, na ioze. Kwa sababu hiyohiyo, msitie zawadi kwenye mifuko ya plastiki. Mvua ikinyesha, nendeni siku nyingine.

Ndege. Msiache mikia ya uzi inaning'inia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu njiwa wa Paris uliona kwamba wanapoteza vidole kwa sababu ya nyuzi na nywele zinazojiviringisha miguuni, na vidole vilikatika zaidi palipo na vinyozi wengi. Ficheni ncha za uzi ndani kwa sindano. Kikaratasi kifungwe kwa fundo fupi.

Macho ya vidoli. Nilitaka kusema kwa kirefu, basi. Usitie shanga, usitie vifungo, tarizi macho kwa uzi. Anayeokota anaweza kuwa na miaka miwili, na kila kitu kwake ni cha kutia mdomoni. Kipimo cha usalama wa vitu vya kuchezea vya watoto walio chini ya miaka 3 ni kopo lenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia chote humo kinaweza kumkaba. Kama kitu chako ni kidogo hivyo, basi, kifanye kikubwa zaidi.

Mahali. Usawa wa kiuno, pasipo mvua, pasipo barabara upande wa pili. Si makaburini bila kujua mwenyewe, si dukani kwa mtu. La ruhusa nililiandikia ukurasa mzima na sina muda nalo, ulizeni nikitoka.

Kapu liko mlangoni. Mna maua na vinyota, kila kimoja na kikaratasi chake, na kalamu ya wino usiofutika iko kando kwa wenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mchukue kimoja kimoja mkiache njiani mnaporudi. Na wewe, dada wa nyuma, naona hicho unachofuma kimekaribia kwisha. Tafadhali usiniambie utakiacha wapi.