Kamera Isiamue Mshindi: Mhadhara kwa walimu walezi wa miradi ya wanafunzi

Ndugu Afisa Elimu, wakuu wa shule, walimu wenzangu: shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kuandaa shindano la miradi ya medianuwai kwa sekondari zetu, yaani wanafunzi wachunguze jambo, kisha walieleze kwa picha, sauti na maandishi. Nitaanzia pale nilipoumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa jaji wa shindano kama hili. Video iliyoshinda ilikuwa safi mno: picha za kutoka angani, muziki, maandishi yanayocheza kwenye kioo. Zawadi zilipokwisha kutolewa nikawauliza wale watoto walimhoji nani, na kwa nini yeye. Wakatazamana. Kumbe shule ililipa studio ya mjini. Walioshika nafasi ya pili walitoka shule ya kata. Walirekodi kwa simu ya mwalimu wao, upepo unavuma juu ya sauti, lakini walikueleza habari za chungu kuanzia shimo la udongo hadi moto wa kuchomea. Tuliwanyima haki yao. Kanuni zetu ndizo zilizowanyima, kwa sababu hatukuweka mahali pa kuwauliza watoto kabla ya kutoa alama.

Tangu hapo napendekeza hivi. Katika alama 100, uchunguzi upewe 35, mahojiano ya kikundi na majaji 30, masimulizi 20, na ufundi wa picha na sauti 15. Najua mwalimu wa TEHAMA ataona 15 ni chache. Mwalimu mwenzangu, ufundi unanunulika. Mtoto akiketi mbele ya majaji kwa dakika kumi, daftari lake la kazi mkononi, lenye maswali aliyouliza na majibu aliyoyafuta, hapo hakuna studio ya kumsaidia.

Mada iwe ndani ya mwendo wa miguu kutoka shuleni. Ukisema “mazingira”, utaletewa maneno ya kitabuni. Sema “kazi moja ya mikono inayofanyika katika kata yetu”, uone watakavyotawanyika: kwa mhunzi, kwa msusi wa mikeka, kwa fundi mitumbwi. Mzee akizungumza lugha ya kwao, aachwe aizungumze, na watoto waandike Kiswahili chini ya picha. Kazi hiyo ya kutafsiri ina alama zake katika masimulizi.

Ratiba isitusumbue. Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, basi tuchukue cha Kwanza na cha Tatu. Mada itangazwe Februari, kazi zikusanywe kabla ya likizo ya Juni.

Sasa vifaa. Wanafunzi wetu wengi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo kamera ni simu ya mwalimu mlezi: simu moja, kikundi cha watoto watano, video isiyozidi dakika tano. Kazi zisitumwe kwa WhatsApp kama video za kawaida, kwa kuwa huzibana na picha hufifia. Video ya 1080p, yaani yenye picha kali, huweza kufika MB 130 kwa dakika. Dakika tano ni MB 650, na shule 40 zikileta video moja moja ni GB 26. Badala ya kila mwalimu kuteketeza bando lake, flashi moja ya GB 32 ipite shule kwa shule na ibebe zote. Tumezoea kupanda ngazi kutoka shuleni hadi mkoani kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Njia ni ileile.

Kuna mambo mawili ya sheria. Watoto watataka kuweka Bongo Fleva chini ya kila picha, na nyimbo hizo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Kwaya ya shule ipo, ngoma ipo, tuzirekodi. Pili, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sura ya mtoto isionyeshwe hadharani kabla mzazi hajasaini, na anayehojiwa aelezwe video yake itaonyeshwa wapi.

Siku ya kilele tusiifanyie ukumbini mjini. Tuipeleke projekta kwenye kata, na waliohojiwa wakae viti vya mbele. Yule mfinyanzi wa nafasi ya pili hakuwahi kuiona video yake. Nilipomfuata baadaye aliniuliza swali moja tu: watoto wale walisemaje kuhusu moto? Nikamwekea kwenye simu yangu, akatazama mpaka mwisho, kisha akaniambia kuna hatua moja wameiruka, wamwendee tena.