"Red tape" ndio nini? Leo nawajibu

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani. Swali ni lile lile chini ya kila video: "Hiyo red tape unayoitaja kila siku ndio nini?" Wapo walioshasema naringia Kiingereza, na wapo wanaosema mtu aliye Uingereza hana cha kulalamikia. Haya, nisikilizeni kwanza.

Red tape ni urasimu, ukiritimba: fomu juu ya fomu, sahihi juu ya sahihi, njoo kesho. Ilianza na utepe wa kweli. Maofisa na mawakili wa huku walifunga makaratasi yao kwa utepe mwekundu, na kufikia karne ya 19 waandishi kama Thomas Carlyle walikuwa wakilitumia jina "red tape" kuisema serikali. Mawakili wa mahakamani bado wanautumia, ila rangi yake sasa ni ya waridi.

Lakini red tape si rushwa, na hapa ndipo nilipoumizwa. Nilimwambia jamaa yangu pesa ninayotakiwa kumtumia imekwamishwa na red tape, akadhani nimeombwa kitu kidogo, kisha akawatangazia ndugu kwamba natoa visingizio. Hakuna aliyeniomba chochote! Nilikuwa nafungua akaunti. Benki inataka barua inayothibitisha ninapoishi. Wakala wa nyumba hanipi mkataba mpaka aone taarifa ya akaunti yangu ya benki. Kila mmoja anafuata kanuni yake, ananiomba radhi kwa upole kabisa, na mimi nimebaki na bahasha mkononi, mshahara hauna pa kuingia. Hakuna aliyenikatalia, na hakuna nilichopata. Ningetuma nini?

Kwenye mazungumzo utasikia "there's too much red tape", yaani mlolongo umezidi. Wanasiasa wao hupenda kuahidi "to cut red tape", kupunguza urasimu. Usiseme "red tapes", haina wingi.

Na angalia anayesema ni nani. Huku mwenye nyumba yenye gesi analazimika kila mwaka kuleta fundi aliyesajiliwa akague mitambo, na mpangaji apewe nakala ya cheti. Wapo wenye nyumba wanaokiita red tape. Mimi ninayelala humo ndani nakitaka cheti changu, na nitakidai.

Kwa upande wangu, neno hili silitumii mbele ya mhudumu wa dirishani. Lina lawama ndani yake, na yeye si aliyetunga kanuni. Namuuliza tu, "Is there anything else you need from me?" na kabla sijaondoka namwomba aniandikie kilichobaki. Hiyo ni mimi, wewe mazingira yako unayajua mwenyewe. Nikiwaambia marafiki zangu jioni, hapo naliita red tape bila kupunguza.