Ufito Mmoja Kulia, Ufito Mmoja Kushoto

Asanteni, kaeni. Kwenye tangazo pale mlangoni wameandika kwamba nitazungumzia milingoti, kamba na matanga ya meli ndogo za mfano, hizi tunazounda mezani. Nitajitahidi kufika huko. Mwaka jana pia niliahidi matanga, na wanaokumbuka ndio hao wanaocheka.

Meli yangu ya kwanza ya boksi, ile ya vipande vya kuunganisha, aliniletea mpwa wangu kutoka Kanada. Bluenose, merikebu ya milingoti miwili ya wavuvi wa Lunenburg, ilishushwa majini mwaka 1921 na mpaka leo imo kwenye sarafu yao ya senti 10. Ya kweli ilikuwa na mita 43 na ushee. Ya kwangu, kwa kipimo cha 1 kwa 64, haifiki sentimita 70. Mataruma, yaani mbavu za meli, yamekatwa na mashine tayari. Unayachomoa kwenye plaiwudi, unayapachika kwenye mkuku, ule uti wa chini wa meli, halafu unaanza kuvisha fito, vijibao vyembamba vya ubavuni.

Nikaanza upande wa kulia. Ufito wa kwanza ukakaa kama umezaliwa pale. Wa pili, wa tatu, nikasema kumbe kazi yenyewe ndiyo hii! Naitwa kula, najibu naja. Nilikuja saa saba usiku, upande wa kulia umekwisha, fito 18, na wa kushoto mifupa mitupu. Nikalala usingizi wa fundi mkuu.

Asubuhi nikafumba jicho moja, nikachungulia kutoka tezi, yaani nyuma ya meli. Mkuku umejikunja kama ndizi. Omo, yaani mbele, inataka Lamu, tezi inataka Pemba. Mke wangu akapita na chai, akasimama, akauliza kwa upole kabisa: "Hii ni meli au upawa?"

Sababu ni hii. Gundi nyeupe ya seremala ina maji. Ufito nao umeuloweka ili ukubali kupinda omoni. Vyote viwili vikikauka vinasinyaa, na vikisinyaa vinavuta. Fito 18 zinavuta upande mmoja, upande wa pili hakuna wa kuzijibu. Kijimkuku cha plaiwudi kitafanya nini? Wahenga walituambia tunaojenga nyumba moja tusigombee fito. Hawakutuambia fito zenyewe zikigombana tufanyeje. Mimi nawaambia: ufito mmoja kulia, ufito mmoja kushoto. Umebandika wa kulia? Geuza meli. Umechoka? Lala ukiwa umebandika jozi, usilale na deni la upande mmoja.

Naona kijana pale ananyanyua mkono. Najua utakalosema: mkuku nitaubana kwenye ubao mnene usipinde. Ubane, vizuri sana, hata mimi naubana. Lakini ukivisha upande mmoja tu, siku ya kuufungua ndipo utakapoona, umeahirisha msiba. Mwingine atasema atumie supagluu, haina maji. Kweli haina. Inakamata kwa sekunde chache, na ukiukosea ufito ndio basi, tena na kidole chako kinabaki kuwa baharia.

Na lile swali la kila mwaka: mzee, kwa nini unahangaika na meli za Wazungu wakati majahazi tunayo? Mwanangu, majahazi nimechonga kabla hujazaliwa. Ila gogo unalolichonga halikuonyeshi kilichomo ndani. Boksi linakulazimisha uweke taruma mojamoja, ujue umbo linatoka wapi. Na hata hapo usidhani njia ni moja. Mtepe wetu, chombo cha kale cha pwani, ulikwenda kinyume: mbao zilishonwa kwanza kwa kamba za nazi, hakuna misumari, ndipo mataruma yakaingia ndani. Baharini mtepe haupo tena. Nendeni makumbusho ya Lamu mkatazame ile mifano midogo, muinamie mshono kwa karibu, halafu mrudi mniambie kuunda meli ndogo ni mchezo wa watoto.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

Fito zichongwe zipungue kuelekea omo. Chukueni uzi, pimeni taruma la katikati kutoka sitaha mpaka mkuku: milimita 90, fito za milimita 5, basi ni 18. Omoni mtapata labda 63. Gawanyeni kwa 18, inatoka 3.5. Huo ndio upana wa kila ufito ukifika kule mbele. Asiyechonga atazilazimisha, zitapandana, halafu atamaliza paketi nzima ya msasa akitafuta meli.

Kubana: vibanio vya nguo vinatosha. Ombeni ruhusa kwanza.

Milingoti: isimamisheni mikavu, bila gundi, mtazame kwa mbele na kwa ubavu. Kamba: uzi upitishwe kwenye nta usitoe manyoya. Matanga... matanga ni ya mwaka ujao, msinitazame hivyo.

Waliokuja na meli zao waziweke hapa mezani, omo zote zielekee dirishani. Tutaanza na iliyopinda kuliko zote. Mwenyewe asijifiche, nimeshaiona. Kama mama yako hajaanza kuitekea mchuzi, tutaiokoa.