Kabla ya Kufunga Kapu, Utazame Mwezi
(Mhadhara kwa wazazi, Ngamiani, Tanga)

Assalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kuwatembeza watoto, na sitawachosha, maana naona kina mama wa nyuma wameshaanza kutazama saa.

Mji wetu una msemo wake: waja leo, waondoka leo. Tunautupia wageni, lakini mimi naona unatuhusu sisi wenyeji. Mtoto kazaliwa Barabara ya Saba, kafika darasa la sita, na habari za mapango ya Amboni anazisikia kwa binamu aliyekuja likizo kutoka Dodoma.

Nianze na aibu yangu. Mwaka mmoja nilichukua watoto saba, watatu wangu na wanne wa mdogo wangu, tukakodi mashua kwenda Kisiwa cha Toten. Si mbali, ukisimama Bustani ya Jamhuri unakiona. Tukaondoka saa mbili asubuhi, nia yetu saa nne tugeuze. Watoto wakazunguka, wakaona magofu ya msikiti na makaburi, wakaridhika. Kurudi pwani, mashua imelala ubavu kwenye tope. Maji yako kuleee. Nahodha kajifunika kofia usoni, anakoroma. Namwamsha, ananiambia, “Mwalimu, leo mwezi una siku kumi na sita.” Mbona hukusema? “Nilidhani mwalimu wa jiografia anajua.” Tulikaa hapo mpaka saa nane mchana, chupa mbili za maji kwa vinywa tisa.

Tangu siku hiyo kabla sijafunga kapu la chakula nautazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa. Katikati hapo kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Babu zetu wavuvi walilijua hili bila darasa, na sisi tuna kalenda ya Kiislamu ukutani tunaitumia kuhesabia Ramadhani tu.

Basi bamvua ni ya kutembea miambani. Mvishe mtoto yeboyebo, mpe kijiti, muache ainame. Ataona kiti cha pweza, ataona jongoo bahari, ataona kaa anakimbia upande. Usimharakishe. Kidimbwi kimoja cha ukubwa wa sinia kinaweza kumshika nusu saa nzima. Maji mafu ya asubuhi ni ya kuogelea Raskazone, bahari imekuja mpaka kwenye ngazi na haivuti sana.

Na msidhani kukwama ni kwangu peke yangu. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda fungu la mchanga pwani yetu hii, ikangoja maji yajae ndipo ikaelea. Wakati imekwama walitokea wenyeji na vyombo vyao, kimoja kimejaa machungwa, na Mreno aliyeandika habari za safari ile anakiri yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Watu wa Muheza, wenye machungwa yenu, mnacheka, chekeni, haki yenu. Mwaka uliofuata, 1499, walirudi wakaichoma meli ile ile karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia walishakufa wengi, hawakubaki wa kutosha kuiendesha.

Hadithi hiyo msimulieni mtoto mkiwa Tongoni, kilomita 17 kwa barabara ya Pangani. Pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, baadhi yalikuwa na minara, mingi imeanguka. Mwambie atafute vishimo vya mviringo kwenye mawe, palipopachikwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Atatia ngumi ndani kupima. Hapo somo la biashara ya Bahari ya Hindi limekwisha, na hamkufungua kitabu.

Siku ya jua kali nendeni Amboni, kilomita 8 hivi, njia ya Horohoro. Huko mwezi hauna kazi. Mapango ni 10, linalotembezwa watu ni moja. Kuna mahali baba anatambaa kwa magoti na mtoto anapita wima, na hakuna kitu mtoto atakachokisimulia zaidi ya hicho. Mwongozaji akizima tochi mtasikia popo, na mkono mdogo utakukamata shati. Mtaambiwa pango linatokea Mombasa. Waliopima mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote ni kama mita 900, lakini msimkatize mwongozaji, mwambieni mtoto njiani mkirudi.

Na yule samaki wa kale, silikanti, je? Yupo, tuna hifadhi yake ya bahari tangu 2009, ila anaishi kwenye kina kirefu. Usimwahidi mtoto kumwona.

Maswali sasa. Ndiyo, mama mwenye mtandio wa kijani. Jumamosi hii? Leo Alhamisi, mwezi una siku ngapi? ... Sita. Basi Jumamosi ni nane, mwezi nusu, maji mafu. Raskazone, mama, asubuhi, na nguo za kubadili.